Kitakachobaki Ukikimbia Usiku: Mwongozo wa Kujenga Maisha kwa Maamuzi na Bidii, Kutoka Goma

Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mbingu ilipogeuka nyekundu upande wa Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, nilikuwa na dakika chache tu za kuamua nibebe nini kutoka katika nyumba yetu ya mbao huko Majengo, mtaa wa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikachukua mfuko wa plastiki wenye karatasi zetu, na kutoka juu ya kabati nikavuta daftari moja lililochakaa pembe. Jirani yangu, ambaye ni fundi wa mawe, alitoka kwake na nyundo na patasi mbili zilizofungwa katika kipande cha kitenge, basi. Usiku ule lava ilisimama kabla ya kutufikia, lakini matetemeko yaliendelea, na tarehe 27 mtaa wetu ukawa miongoni mwa mitaa iliyoamriwa kuhama, nasi tukaelekea Sake. Tuliporudi mwezi wa Juni tulikuta mlango umevunjwa na karibu kila tulichokiacha kimekwenda. Fundi alipata kazi juma lile lile, kwa kuwa matetemeko yalikuwa yamepasua kuta nyingi mjini. Mimi nilifungua daftari na kujua, hadi faranga ya mwisho, nani ananidai, nani ninamdai, na kikundi chetu cha akiba kilikuwa kimefikia wapi.

Tangu siku hizo nina kipimo kimoja ninachokitumia kila ninapotaka kuweka nguvu, muda au pesa katika jambo lolote: nikilazimika kukimbia usiku wa leo, ni kipi kati ya hivi ninavyovijenga kitakachotoka nami mlangoni? Mwongozo huu umejengwa juu ya swali hilo. Nimewaandikia hasa vijana na akina mama wa mji wetu wanaofanya kazi kila siku na bado hawaoni kazi hiyo inakwenda wapi.

Wahenga walisema jitihada haiondoi kudura, na mtu wa Goma hahitaji kuelezwa maana yake. Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977, ukalipuka tena tarehe 17 Januari 2002, siku ambayo lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani na kuacha watu wapatao 120,000 bila makao, kisha ukalipuka mwaka 2021. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini, na benki zikafunga milango pamoja na pesa za watu zilizokuwamo. Hakuna aliyepotezewa mali siku hizo kwa sababu ya uvivu, na anayesema kwamba kila maskini ni maskini kwa kuwa hakujitahidi anawadhulumu watu walioamka saa kumi za usiku maisha yao yote. Pamoja na hayo, kati ya watu waliopoteza sawasawa usiku mmoja, nimewaona wengine wakisimama baada ya miezi mitatu, wengine baada ya miaka mitatu, na wengine bado wameketi. Bahati ilikuwa na sehemu yake, na ndugu walioko ng'ambo walikuwa na sehemu yao, lakini sehemu kubwa niliyoiona kwa macho yangu ilitokana na maamuzi madogo ambayo watu hao walikuwa wameyafanya miaka mingi kabla ya usiku ule.

Hatua ya kwanza: Kunja ukurasa katikati

Chukua karatasi moja, uikunje katikati ili upate pande mbili. Upande wa kushoto andika mambo yanayokusumbua ambayo huna mamlaka nayo: mlima, vita, mpaka, bei ya dola, mvua, ugonjwa wa mzazi. Upande wa kulia andika yale ambayo wewe mwenyewe unaweza kuyabadili kuanzia kesho asubuhi, hata kama ni madogo kiasi gani: saa unayofika sokoni, mtu unayenunua kwake, unachofanya jioni, kile unachojifunza, anayeshika pesa zako.

Wengi hukosea hapa kwa namna mbili. Wapo wanaoandika kila kitu kushoto, hata uzembe wao wenyewe, na wapo wanaojaribu kuhamishia kulia mambo yasiyo yao, kisha wanajilaumu hadi wanavunjika moyo. Mfano mzuri ni mwezi wa Machi 2020, wakati mpaka wetu na Rwanda ulipofungwa kwa sababu ya Korona na akina mama waliozoea kuvuka Petite Barrière kila siku na beseni kichwani wakabaki nyumbani. Kufunguliwa kwa mpaka kulikuwa upande wa kushoto, na hakuna mchuuzi aliyeweza kufanya lolote juu yake. Lakini baadhi yao walijiunga, wakakusanya pesa zao na kuagiza mzigo mmoja ambao ulivuka kwa gari, kisha wakagawana upande huu. Kujiunga na wenzao kulikuwa upande wa kulia tangu siku ya kwanza, na walioliona hilo mapema hawakula mtaji wao wote.

Ukurasa huo usiutupe. Utaurudia kila mwezi, na utashangaa kuona mambo mawili matatu yakihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Hatua ya pili: Andika mwezi mzima kabla ya kubadili chochote

Nunua daftari la kawaida na kalamu mbili. Kwa siku thelathini andika kila kilichoingia, kila kilichotoka, na saa zako zilivyotumika. Usijizuie kununua kitu kwa sababu unaandika, na usijisifu wala kujihukumu, kwa maana mwezi huu ni wa kutazama tu. Andika jioni ile ile, kabla ya kulala, kwa kuwa kumbukumbu ya asubuhi hupunguza matumizi na kuongeza mapato.

Nitakuonyesha ukurasa mmoja wa mwezi wangu wa kwanza, nilipokuwa nauza nyanya na lenga-lenga (mchicha). Jumanne niliuza kwa faranga 18,000. Mzigo wenyewe nilikuwa nimeununua kwa 11,500. Moto (pikipiki ya abiria) ya kwenda sokoni ilikuwa 1,000, moto ya kurudi 1,000, unite (salio) za simu 1,000, mchango wa msiba 2,000, na chakula cha nyumbani 4,000. Nilirudi siku ile nikiwa nimeridhika kabisa, kwa kuwa elfu kumi na nane zilikuwa zimepita mikononi mwangu na zilionekana nyingi. Nilipojumlisha kwa mwanga wa simu, niliona kwamba siku niliyoiita njema ilikuwa imekula faranga 2,500 za mtaji.

Mwezi ulipokwisha nilikaa na daftari na kutafuta kitu kimoja tu cha kubadili. Sikugusa chakula cha watoto wala mchango wa msiba, kwa sababu msiba ni wa wote na zamu yangu itafika. Niligusa moto ya kurudi. Asubuhi nilikuwa na mzigo na nilihitaji kuwahi. Jioni nilikuwa na beseni tupu kichwani na miguu yenye afya. Faranga 1,000 kwa siku 26 za soko ni 26,000 kwa mwezi, na pesa hizo ndizo zilizonifungulia mlango wa kikundi cha akiba nitakachokieleza mbele. Upande wa saa niligundua jambo lingine, kwamba kati ya saa nne na saa sita mchana wateja hawaji kabisa, nami nilikuwa nazitumia saa hizo kusikiliza habari za watu. Nilizigeuza kuwa saa za kujifunza kushona.

Ninakusihi usiharakishe hatua hii. Kijana mwenye daftari la siku thelathini ana elimu juu ya maisha yake ambayo hakuna mshauri atakayeweza kumpa.

Hatua ya tatu: Chagua ujuzi mmoja unaobebeka

Siku moja mtazame fundi wa mawe akifanya kazi. Jiwe la volkano linapoletwa kwake ni bonge jeusi lenye matundu na makali yanayochana ngozi. Hulizungusha kwanza, akiligonga polepole hapa na pale na kusikiliza, kwa kuwa jiwe lenye ufa wa ndani hutoa sauti iliyokufa na lile zima hutoa sauti kali. Kisha huweka patasi kwenye mstari ambao wewe huuoni, anapiga mara tatu au nne kwa nguvu ile ile, na jiwe linafunguka upande mmoja bapa kama mkate uliokatwa. Jirani yangu aliniambia kwamba mwaka wa kwanza alivunja mawe mengi kuliko aliyoyachonga, na mwalimu wake hakumfokea hata mara moja, ila alimwambia asikilize zaidi na apige kidogo. Lava ile ile iliyozika mtaa ndiyo iliyomlisha, kwa sababu mikono yake ilikuwa inajua cha kuifanyia.

Unapochagua ujuzi, jiulize kama unatakiwa katika kila mji, yaani kama ukijikuta Bukavu, Butembo au Kisangani kesho utapata mtu wa kuuhitaji. Jiulize pia kama vifaa vyake vinaingia katika mfuko mmoja, au angalau kama unaweza kuanza upya bila mashine kubwa. Swali la tatu ndilo watu wengi hulisahau: je, yupo mtu karibu nawe anayeufanya vizuri, ambaye kazi zake unaweza kwenda kuziona na kuzigusa? Ujuzi mzuri usio na mwalimu wa karibu utakupotezea miaka. Kushona, kunyoa, useremala, kutengeneza simu, kusuka nywele, umeme wa nyumba, kuoka mikate, uuguzi: vyote hivi vinapita katika maswali hayo, na bila shaka utaongeza vyako.

Ukimpata fundi, nenda kwake ukiwa na mzazi au mtu mzima anayeheshimika, mkapatane waziwazi mbele ya shahidi. Patana juu ya muda wa kujifunza, kiasi utakacholipa na lini, vifaa ni vya nani, na kuanzia mwezi gani utapata fungu la kazi utakazozifanya. Makubaliano ambayo hayakutamkwa mwanzoni huzaa uchungu mwishoni, na nimewaona vijana hodari wakiacha ufundi katika mwezi wa nane kwa sababu tu ya posho ambayo haikuzungumzwa. Miezi mitatu ya kwanza utafagia, utabeba, utachemsha chai. Vumilia, lakini macho yako yasiache mikono ya mwalimu wako. Kijana anayefagia huku anatazama hujifunza, na anayefagia huku anashika simu hufagia tu.

Shule haipingani na haya. Mwenye nafasi ya kumaliza masomo na kupata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari ayamalize, hata ikibidi arudie mwaka, kwa kuwa elimu ya kichwani nayo haichukuliwi na mtu. Ninachokipinga ni kungoja kazi ya ofisi kwa miaka mitano baada ya diploma, mikono ikiwa mitupu.

Kwa anayefanya tayari kazi ya nguvu, uamuzi wa kwanza mara nyingi si kubadili kazi, ni kubadili anayemiliki chombo. Wengi wanaosukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, kutoka Kibumba na viazi, kabeji na makala (makaa) hukodi chombo hicho kwa siku. Tuseme kodi ni faranga 3,000 na chukudu mpya ni 240,000. Kodi ya siku 80 ni chukudu nzima. Anayekodi kwa mwaka mmoja amelipia zaidi ya chukudu tatu, na jioni ya siku ya mwisho bado anarudisha chombo kwa mwenyewe. Jasho la mwenye chukudu na la anayeikodi ni lile lile, linaloteremka mlima ule ule, lakini la mmoja linajenga na la mwingine linavuja.

Hatua ya nne: Weka akiba mbele ya macho ya wenzako

Akiba ya peke yako, chini ya godoro, ina maadui wengi kuliko unavyodhani, na adui wa kwanza ni wewe mwenyewe siku ya njaa. Wengi wetu tunaijua likirimba, ambapo watu kumi huchanga kiasi sawa kila juma na mmoja anachukua zote kwa zamu. Likirimba ni nzuri kwa kununua kitu kimoja kwa mara moja. Udhaifu wake ni kwamba pesa hazizai, na aliyepokea mapema anaweza kupotea njiani. Mimi nilipoteza zamu yangu namna hiyo, katika kikundi cha watu ambao tulifahamiana kwa sura tu.

Kwa hiyo ninashauri kikundi cha akiba na mikopo, kile tunachokiita AVEC. Mfumo wake ulianzia Niger mwaka 1991, ambako shirika la CARE lilifanya kazi na wanawake wa eneo la Maradi, na tangu hapo umeenea katika nchi nyingi za Afrika kwa sababu hauhitaji benki wala mtaji wa kutoka nje. Nitaeleza unavyofanya kazi, kwa kuwa wengi hujiunga bila kuelewa.

Kusanyeni watu kati ya 15 na 25 wanaojuana kwa matendo, wanaoishi karibu, na ambao wamejichagua wenyewe. Pangeni siku na saa isiyobadilika. Wekeni bei ya hisa moja, ambayo hata aliye dhaifu kuliko wote anaweza kuilipa katika juma baya, na kila mkutano mwanachama anunue kuanzia hisa moja hadi tano. Pesa ziingie katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu zikae kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku likae kwa mtu wa nne. Hakuna anayelifungua peke yake, na halifunguliwi ila katika mkutano. Kila faranga huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na mwisho wa mkutano wote husema jumla pamoja, ili hata asiyejua kusoma aondoke akiwa na hesabu kichwani. Mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, kwa riba ndogo mliyopatana, na riba hiyo inarudi kwenu nyote. Kando yake muwe na mfuko mdogo wa misaada kwa ajili ya msiba na ugonjwa, ambao hautozwi riba. Baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili mnafungua kila kitu, mnagawana kulingana na hisa, na kuanza upya.

Hesabu yake ni rahisi. Ukinunua hisa tatu za faranga 2,000 kila juma, kwa majuma 50 umeweka 300,000, bila kuhesabu fungu lako la riba. Kwa mtu aliyeanza na moto ya kurudi nyumbani, hicho si kiasi kidogo.

Jambo moja limetokana na maisha yetu ya hapa, na ninaliomba kila kikundi cha Goma kilizingatie. Sanduku lililojaa ni hatari. Siku ya wasiwasi litavutia wezi, na mwenye kulitunza hatalala. Kikundi chenye afya hukopesha karibu pesa zote siku ile ile ya mkutano, zikawa viazi, vitambaa na makala mikononi mwa wanachama ishirini, na sanduku likabaki na mabaki tu. Benki zilipofungwa mwaka 2025, vikundi vyenye pesa zilizotawanyika namna hiyo viliendelea kukutana. Nami, niliye katibu wa kikundi chetu, nina wajibu wa kunakili hesabu za wote katika daftari la pili, ambalo linakaa nyumba nyingine.

Hatua ya tano: Piga hesabu ya deni kabla hujalipokea

Deni la kununua kitu kitakachouzwa au kitakachofanya kazi ni chombo. Deni la harusi, la nguo na la kuonekana ni mzigo. Hilo wengi wanalijua. Kisichojulikana vizuri ni mwendo wa riba ya wale wakopeshaji wa mtaani tunaowaita banque Lambert. Tuseme umekopa dola 100 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, na umeshindwa kulipa. Mwezi wa kwanza unadaiwa 130, wa pili 169, wa tatu karibu 220. Katika miezi mitatu deni limezidi mara mbili, na bado hujala kitu cha ziada. Biashara gani ya beseni inayokua kwa mwendo huo? Kabla ya kupokea, andika katika daftari tarehe ya kila malipo na pesa hizo zitatoka wapi hasa. Mstari ukibaki mtupu, rudisha pesa hizo siku hiyo hiyo.

Hatua ya sita: Wape ndugu fungu linalojulikana

Hapa pana ugumu wa kweli, na miongozo mingi hupita juu yake. Sisi si watu wa kuishi peke yetu, na siku ya kukimbia ni ndugu wa Sake waliotupokea, watu kumi na mmoja katika vyumba viwili, bila kutuuliza tutakaa siku ngapi. Anayekushauri uwafungie mlango jamaa zako ili ufanikiwe hajui mafanikio yanatoka wapi. Lakini mtaji unaotolewa kila anayebisha hodi hufa, na mtaji ukifa huna tena cha kumpa yeyote.

Nilichofanya ni kuandika katika daftari fungu la ndugu kila mwezi, kiasi ninachokiweza, na kuwaambia wakubwa wa ukoo waziwazi. Baba mkubwa alipokuja na shida ya karo, nilimpa kiti, nikamsikiliza hadi mwisho, kisha nikasema: "Baba mkubwa, nimesikia. Fungu la mwezi huu limebakiza elfu nane, nitazileta Jumamosi mwenyewe. Zilizobaki tuketi pamoja na wengine tuone kila mmoja anaweka nini." Alinyamaza kidogo, akauliza kama elfu nane hizo ni za hakika. Nilimwambia ni za hakika, na Jumamosi nikazipeleka. Tangu hapo hajawahi kunilaumu, kwa maana kidogo chenye uhakika kilimfaa kuliko ahadi kubwa za wengine.

Hatua ya saba: Tunza jina lako kama mtaji

Mwaka 2002 nilikuwa msichana mdogo, na kibanda cha mama yangu kilizikwa pamoja na kila kilichokuwa ndani. Majuma machache baadaye nilikwenda naye kwa mwenye depo (duka la jumla) mmoja, katika sehemu ya Birere ambayo lava haikuifikia. Mama hakuwa na faranga hata moja. Mzee yule alimtazama, akageuka kwa kijana wake na kumwambia ampimie mama gunia la maharagi. Hakuandika kitu. Kwa miaka sita kabla ya hapo mama alikuwa akimlipa kila Jumamosi kabla ya saa tano, na mara mbili alizopungukiwa alikuwa amekwenda Ijumaa kumwambia kabla hajaulizwa. Jina lile halikuungua, na lilituanzishia maisha upya kwa gunia moja.

Jina hujengwa kwa mambo ambayo hayagharimu pesa. Ukisema saa mbili, fika saa mbili. Ukichelewa kulipa, nenda wewe kwanza, usingoje simu. Usipange nyanya nzuri juu na zilizooza chini. Ukikosea hesabu kwa faida yako, rudisha, hata kama mteja hakuona. Kwa wenye ufundi ninaongeza moja: usipokee malipo ya awali ya kazi ya tatu wakati ya kwanza haijaisha, kwa kuwa hakuna kinachoharibu jina la fundi haraka zaidi katika mji huu.

Hatua ya nane: Karatasi na kiwanja

Weka kadi ya mpiga kura, diploma, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na hati za kiwanja katika plastiki moja isiyopitisha maji, uzipige picha, na picha hizo uzitume kwa mtu unayemwamini aliye mji mwingine. Kuhusu kiwanja, kumbuka kwamba kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi ya nchi yetu ni mali ya Taifa, na haki yako juu yake inathibitishwa na hati ambayo ofisini huitwa certificat d'enregistrement. Karatasi ya mauzo iliyosainiwa na mashahidi ni mwanzo tu. Ukipata pesa za kujenga, tanguliza hati kabla ya ukuta. Ukianza na nyumba ya mbao juu ya msingi wa mawe usione haya, kwa kuwa mbao hizo zinaweza kubomolewa na kupandishwa mahali pengine, na wengi mjini hapa waliokoa nyumba zao kwa namna hiyo.

Hatua ya tisa: Siku ya kupima

Chagua siku moja katika mwaka ya kujipima. Mimi nimechagua tarehe 17 Januari. Jioni hiyo ninafungua madaftari ya mwaka uliopita na kuangalia ni kitu gani mikono yangu inakiweza ambacho mwaka jana haikukiweza, ni watu wangapi wangenipa gunia leo bila pesa, na ni kiasi gani cha mali yangu kimekaa mahali pamoja. Jibu la mwisho likiwa ni zaidi ya nusu, ninaamua usiku ule ule sehemu gani ihamishwe na wapi. Mwaka wa kwanza nilijibu la pili kwa jina moja tu, na nililiandika kwa aibu. Sasa yapo saba.

Kisha ninashusha mfuko. Ninaweka ndani yake karatasi, daftari la mwaka huu, mkasi wangu wa kushonea, utepe wa kupimia, sindano na nyuzi. Ninauvaa begani na kutembea hadi njia kuu na kurudi, ili nijue kama bado ninaweza kuubeba nikiwa nimeshika mkono wa mtoto. Ukiwa mzito, ninatoa kitu. Halafu ninautundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango, na asubuhi ninakwenda sokoni.